Kujishusha Hadharani: Ndugu wa Uamsho Katika Milima ya Ukaguru

Ukristo ulifika Ukaguru kwa miguu, kwenye njia ya misafara, na mara tu ulipofika ukapanda kilimani. Wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walitia mguu Mpwapwa mwaka 1876, wakarudi kukaa mwaka 1878. Kufikia mwaka 1880 walikuwa na kituo kingine Mamboya, ambako misafara iliyotoka Saadani ilipita kwenda bara. Hapo aliishi J. T. Last, mtu aliyejifunza lugha yetu kwa bidii hata sarufi yake ya Kikaguru ikachapwa London mwaka 1886. Baadaye kikaja kituo cha Berega, ambacho hospitali yake ingali ikitibu watu. Abiria wa mabasi ya Dodoma huvipita vilima hivyo wakiwa wamesinzia, wakazindukana Gairo kwa baridi na upepo.

Nimezaliwa katika nyumba ya mwinjilisti, kijiji cha milimani juu ya Gairo, na nimezeeka nikifundisha shule za msingi za huku, tangu tulipokuwa bado chini ya Kilosa hadi Gairo ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Habari za misheni nilizisikia jikoni na kibarazani kabla sijazisoma popote. Jambo ambalo wazee walilirudia kuliko hata majina ya wamishenari ni jinsi watu walivyopangwa. Mzungu alikaa juu. Chini yake walikuwapo walimu, wenye viatu, kanzu nyeupe na vitabu. Chini ya walimu, waliobatizwa. Chini ya waliobatizwa, wanaojifunza ubatizo. Chini kabisa walikuwapo wale walioitwa washenzi, yaani babu na bibi zetu wenyewe. Kila mtu katika daraja lake alijua wa kumwamkia na wa kumdharau.

Kanisa lilikuwa kali juu ya dhambi. Pombe ya mtama, ngoma, mke wa pili, kwenda kwa mganga: kwa hayo mtu alizuiwa Meza ya Bwana, na jina lake likasomwa mbele ya watu. Nimeuliza wazee wengi maishani mwangu, na sijampata hata mmoja aliyekumbuka mtu kuzuiwa Meza ya Bwana kwa sababu ya kiburi. Mwalimu aliyempita mama yake mzazi njiani bila kumsalimu, kwa kuwa mama alivaa kaniki na hakubatizwa, alipokea mkate na divai Jumapili bila swali.

Vita Kuu ya kwanza ilizitikisa ngazi hizo. Wajerumani waliwakamata wamishenari Waingereza, wakawaweka kizuizini hadi Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916. Walimu wa Kiafrika waliodhaniwa kuwa wapelelezi walifungwa minyororo na kupigwa. Waliobaki vijijini, bila mshahara na bila Mzungu wa kuwaelekeza, ndio walioshikilia ibada. Mtu angetazamia kwamba baada ya mateso ya namna hiyo watu wangekaa meza moja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1927 dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa, makao Dodoma, askofu akawa George Chambers kutoka Australia, naye akaleta Waaustralia wengi wenye moyo wa kazi. Shule zikaongezeka, zahanati zikaongezeka, na ngazi zikasimama palepale.

Kilichokuja kuzigusa, yaani Uamsho, hakikutoka makao makuu yoyote. Kilianzia katika hospitali ndogo ya Gahini, Rwanda, na kilianza na ugomvi wa watu wa kazini. Daktari wa pale, Mwingereza Joe Church, alikuwa amechoka kwa njaa kubwa iliyoipiga nchi na kwa kazi isiyozaa. Septemba 1929 alikutana na Simeoni Nsibambi juu ya kilima cha Namirembe, Kampala. Nsibambi alikuwa Mganda mwenye nafasi nzuri katika kazi ya serikali. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, wakimtafuta Roho yule yule kwa njaa moja. Kisha Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu katika hospitali ile ile ya Gahini, akaenda kwa Nsibambi akiwa amejaa malalamiko juu ya hospitali na juu ya Church. Nsibambi hakumpoza. Alimwambia kwamba tatizo liko ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Huyo ndiye Kinuka aliyerudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho.

Napenda kukaa juu ya kisa hicho, kwa sababu wengi husimulia Uamsho kana kwamba ulianza kwa ndoto na kulia. Kulia kulikuwapo. Katika mkutano wa maombi wa Desemba 1933 hapo Gahini watu walianza kusimama mmoja mmoja, wakitaja dhambi zao, na mwaka 1936 moto ukaenea Rwanda, Kigezi na Buganda. Lakini mwanzo wake ulikuwa mtu aliyejiona ameonewa, aliyekuwa na malalamiko yake, akakubali kuanza na nafsi yake. Na baada yake daktari naye, mwenye mamlaka yote ya kumfukuza, akajishusha kwake.

Kufikia mwaka 1939 Uamsho ulikuwa umefika Katoke, magharibi ya Ziwa Victoria. Katikati ya miaka ya 1940 Festo Kivengere, kijana mwalimu kutoka Kigezi, alihamia Dodoma na mkewe Mera kufundisha shule, wakihubiri kila likizo. Kivengere alikuwa na ushuhuda uliojulikana sana: baada ya kuokoka alipanda baiskeli, akasafiri maili nyingi kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Kwa wasikilizaji wa Ugogo na Ukaguru jambo hilo lilikuwa gumu kumeza. Kwa nini anayedharauliwa ndiye aombe radhi? Wengine waliona ni woga. Baba yangu alisema kwamba yeye alilielewa tu siku alipomwona Mzungu akifanya vivyo hivyo upande wake.

Alisimulia habari za mmishenari mmoja mwanamke aliyesimama katika kikao cha Ndugu, kama watu wa Uamsho walivyoitana, Kiswahili chake kikikatika kwa kwikwi. Akasema kwamba miaka yote aliyokaa nchini alikuwa akiwapa Waafrika chai verandani katika vikombe vya bati, na vikombe vya udongo mzuri akaviweka kabatini kwa ajili ya Wazungu wenzake. Na kwamba alikuwa akivisugua vile vya bati mara mbili. Hakusema “kama niliwakwaza”. Alitaja vikombe. Baba alikuwa amekunywa katika vikombe hivyo, na hakuwahi kumwambia mtu jinsi vilivyomuuma. Jioni ile walikunywa chai sebuleni, kila mtu na kikombe kilichomfikia.

Kikao chenyewe hakikuwa na fahari. Ndugu walikutana chini ya mwembe, au katika nyumba ya mmoja wao, mara nyingi jioni baada ya shamba. Wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka yote ya Afrika Mashariki bila kutafsiriwa kibwagizo chake. Mmoja akasoma Neno. Kisha kimya, mpaka mtu asimame. Walichofuata hakikuandikwa mahali popote, lakini kila mtoto wa nyumba zile alikijua. Unataja dhambi yako, si ya mwenzako. Unaitaja kwa jina lake. Kama ni ya kuiba, unarudisha. Kama ni ya mtu, unamwendea kwanza, hata akiwa mbali. Hayo waliyaita kutembea nuruni, kwa waraka wa kwanza wa Yohana. Mtu aliyelainika walisema amevunjika, na hilo lilikuwa sifa.

Baba aliandika daftari. Ninalo, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, wino umegeuka rangi ya kutu. Amepanga mambo ya kurekebisha: jembe la jirani alilolikalia tangu msimu wa njaa, shilingi nne za sadaka alizokopa bila kusema, na mstari mmoja umeandikwa “baiskeli mtoni”. Huo mstari mama alinieleza. Baba alipokuwa mwinjilisti kijana alikuwa na baiskeli, kitu kikubwa wakati ule, na kila alipofika kijito alisimama akangoja watu wa darasa la ubatizo waibebe begani, wengine wazee wa umri wa baba yake, huku yeye akivuka kwenye mawe na viatu vyake mkononi. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyedhani ni dhambi. Baba aliwaendea nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine, akawaomba radhi. Mzee mmoja alikataa kusikia, akamwambia anajisumbua, kwani kubeba vitu vya mwalimu ni kazi ya wanafunzi. Baba akamjibu kwamba hiyo ndiyo dhambi yenyewe, kwamba alikuwa amemfundisha hivyo.

Zito kuliko yote lilikuwa lile la mama. Kwetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na wajomba wana neno kubwa katika nyumba ya dada yao. Mume hujilinda sana mbele ya mashemeji. Baba alikuwa na ulimi mkali nyumbani. Alipovunjika hakuridhika kuomba msamaha chumbani. Aliwaita kaka zake mama, akaketi chini kwenye mkeka wakati wao wako kwenye vigoda, akataja maneno aliyozoea kumwambia dada yao. Mjomba mkubwa, ambaye hakuwa Mkristo na alikunywa pombe yake mpaka siku ya kufa, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba dini ya namna hii anaiheshimu. Hakubatizwa, lakini tangu siku hiyo alileta watoto wake wote shule ya misheni.

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili lilishika katika milima yetu. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni utani. Kabla ya kanisa Wakaguru walikuwa na dawa yao ya kiburi. Kila ukoo una watani wake, na mtani wakati wa msiba anaweza kumwambia mzee wa heshima maneno ya aibu mbele ya umati, akamnyang'anya kitu chake, na mzee haruhusiwi kukasirika. Mtani ndiye pia anayeshika kazi za mazishi ambazo ndugu wa damu hawawezi. Wamishenari wengi waliona huo ni upuuzi na matusi. Mimi naona kwamba ulikuwa umewafundisha watu wetu jambo ambalo Ulaya ya wakati ule haikulijua vizuri: kwamba mtu mzima anaweza kuvuliwa heshima mbele za watu asife, na kesho akasalimiwa kama kawaida. Uamsho ulikuta ardhi imelimwa. Tofauti ni kwamba mtani hukuvua yeye, na wewe huvumilia. Kwa Ndugu ulijivua mwenyewe, ukimtazama Kristo aliyejivua utukufu akachukua hali ya mtumwa, kama Paulo anavyowaandikia Wafilipi.

Kutoka vikao hivyo walitokea viongozi. Mwaka 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alikuja Namirembe kuwaweka wakfu maaskofu wasaidizi wanne Waafrika kwa siku moja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudan, na Yohana Omari wetu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Omari alikuwa mtu wa Uamsho. Miaka 10 baadaye, 1965, dayosisi ya Morogoro ilipozaliwa, askofu wake wa kwanza alikuwa Gresford Chitemo, Mkaguru, naye Ndugu wa vikao vile vile. Wazee hupenda kusema kwamba uaskofu ulikuja na uhuru. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Mtu aliyekwisha kusimama mbele ya wakulima na wapagazi akataja uongo wake kwa jina, akiwekewa kofia ya askofu, anajua kofia hiyo imeketi juu ya kichwa cha nani.

Na sasa nifike mahali panaponiuma, kwa maana historia ya unyenyekevu isiyotaja jinsi unyenyekevu ulivyoharibika ni historia ya uongo.

Kutubu hadharani kulikuwa kuvunja ngazi. Polepole kukawa ngazi mpya. Kukawa na waliookoka na wasiookoka, katika kanisa moja, benchi moja. Kukawa na Ndugu walioheshimiwa kwa sababu dhambi zao za zamani zilikuwa kubwa, na ushuhuda wao ukasimuliwa kwa mpangilio ule ule kila mkutano, machozi yakianguka mahali pale pale. Nywele za wanawake zikapimwa, hereni zikapimwa, urefu wa gauni ukapimwa. Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi zima lilijitenga na Ndugu wenzao likidai kwamba wamelala tena, likiwahukumu mpaka kwa kuchukua mikopo. Kwetu hatukugawanyika kwa namna hiyo, lakini roho ile ile ilitutembelea.

Nilikuwa msichana nilipoona mwanamke mmoja akiingia kikaoni, mjane, nguo zake zikinuka pombe kwa kuwa ndiyo aliyopika ili kulipa ada ya mtoto. Alikuja kusikiliza tu. Mmoja wa wakubwa wa kikao akamwambia atoke, akaoge, atubu kwanza. Akatoka. Mama yangu akasimama akatoka naye, wakashuka bonde pamoja mpaka kwake. Kikao kilichofuata aliyetakiwa kutubu ni mama, kwa kuvunja utaratibu. Alisimama, akatubu hasira aliyokuwa nayo kwa yule mzee, akaitaja kwa jina bila kuificha. Kuhusu kutoka na mjane hakutubu. Aliketi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi. Miaka mingi nimefundisha watoto maana ya unyenyekevu, na sijapata mfano ulio bora kuliko huo wa mama: aliinama pale alipokosa, akasimama wima pale alipokuwa sawa.

Watu huchanganya hayo mawili. Hudhani mnyenyekevu ni mtu asiye na neno, anayekubali kila kitu, anayejisema vibaya. Ndugu wa mwanzo hawakuwa hivyo. Nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo na wengine wakauawa kwa kukataa. Watu hao walikuwa wanyenyekevu, na hawakupinda.

Walijua pia kwamba kiburi hakitubiwi kwa jumla. Mtu akisimama leo kanisani akasema, “Ndugu zangu, mimi ni mwenye kiburi,” watu watatikisa vichwa na kusema, tazama mtu huyu alivyo mnyenyekevu, naye atarudi kitini kiburi kikiwa kimenenepa. Lakini akisema, “Wiki iliyopita nilimwona fulani mnadani na magunia yake ya alizeti, nikageuza uso kwa sababu nilikuwa na mkuu wa idara,” hapo kuna kitu cha kufa. Ndiyo maana walisisitiza jembe, shilingi nne, vikombe vya bati. Mbele za Mungu peke yake, mlango umefungwa, mtu anaweza kupiga magoti kila usiku na kuamka na majivuno yale yale.

Leo Gairo ina makanisa mengi kando ya barabara kuu, na usiku wa mkesha vipaza sauti hushindana na honi za malori. Silaumu vijana kuomba. Wanaomba kwa bidii kuliko sisi. Kinachonihuzunisha ni vyeo. Nimeona mabango yenye picha ya mtu na chini yake vyeo vitatu, kimoja juu ya kingine. Nimeona makochi yamewekwa mbele kwa ajili ya watumishi na mazulia chini yake, na akina mama waliofyeka nyasi za kiwanja cha kanisa wamekaa nje juani. Katika makanisa yetu ya zamani vilevile, uchaguzi wa viongozi umekuwa wa kampeni na makundi, na waumini hufikishana polisi. Na ushuhuda umegeuka. Zamani mtu alisimama kueleza kile ambacho Bwana alikitoa ndani yake: uongo, wivu, dharau. Siku hizi husimama kueleza alichopewa: kiwanja, bodaboda, viza.

Baadhi ya Ndugu wa kizazi kile bado wapo, Chakwale, Nongwe, Rubeho na vijiji vingine, wazee sana, wengine hawaoni. Kijana unayesoma haya, nenda ukaketi nao kabla msimu wa mvua haujaanza, uandike walichorudisha, kwa nani, na walipokelewaje. Kanisa letu limeandika majengo na tarehe za maaskofu, na hayo halikuyaandika. Nanyi mlio wachungaji, mitume na manabii wa wilaya hii, nawaomba jambo moja. Kabla ya Pasaka ijayo simameni mbele ya ushirika wenu, mtaje kitu kimoja mlichomkosea mtu aliye chini yenu, mkitaje kwa jina lake, kisha ibada ikiisha mwende nyumbani kwake mkakirekebishe.